Fulana inayouliza, "Utaenda saa ngapi?"

Yule binti alinunua fulana mbili, moja yake na moja ya rafiki yake. Kifuani nilikuwa nimechapa maneno mawili tu, PIGA KURA, herufi nyeusi juu ya pamba nyeupe, na msimu ule hakuna kazi ya mikono yangu niliyoipenda kuliko hiyo. Alizunguka nayo wiki nzima. Akapiga picha, akaziweka mtandaoni, na wateja watano au sita wakaja kwangu wakitaka "ile ya yule dada". Uchaguzi ulipopita alirudi nimpunguzie suruali kiunoni. Nilikuwa nimepiga magoti, pini ziko mdomoni. Nikazitoa, nikamuuliza foleni ya siku ile ilikuwaje.

"Sikupiga, anti. Sikuwa nimejiandikisha. Nilidhani mtu unaenda tu siku yenyewe na kitambulisho chako."

Nilimaliza kumpima kimya kimya. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Nguo ile niliishona mimi, maneno niliyachagua mimi. Nilimvika amri ambayo mlango wake ulikuwa umeshafungwa wiki kadhaa kabla hajaivaa, na hapakuwa na uzi hata mmoja kwenye fulana ile uliomwonyesha mlango uko wapi.

Sasa msimu mwingine unakaribia na simu zimeanza. Vikundi vya vijana, wanafunzi, akina mama wa vikoba, wote wanataka "kitu cha kuhamasisha". Nimeona niandike mara moja ninachokiamini, ili nikimwambia mtu "hapana, tuibadilishe hii" ajue natoka wapi.

Kazi yangu ni cherehani na kuchapa fulana, mwaka wa kumi na mbili huu. Kuchapa nafanya kwa mkono: fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba, wino juu yake, kipande cha mpira cha kuusukuma wino upite penye herufi, kisha pasi ya moto ili usitoke kwenye maji. Ukichapa fulana mia kwa siku moja unayasoma maneno yaleyale mara mia. Ndipo unapoanza kujiuliza yanamwambia nini mtu atakayeyasoma mara moja tu, akiwa anapita, akiwa na haraka zake.

Nimechapa pia fulana za wagombea. Zililipa kodi ya chumba changu cha kazi kwa misimu miwili, kwa hiyo sizisemi kama mtu asiyezijua. Zinagawiwa bure, kwa mamia, saizi moja kwa wote. Wiki mbili baada ya uchaguzi unaziona kwa mtu anayepaka rangi ukuta, anayeosha pikipiki, au zimekatwa vipande vya kupangusia meza. Hilo silioni vibaya, kitambaa ni kitambaa. Kilichonisumbua ni kingine. Nilikuwa na wateja wawili, ndugu wa tumbo moja, ambao kila Jumamosi walikuwa wakija pamoja. Mmoja alipovaa rangi ya mgombea wake na mwingine rangi ya wake, wakaanza kuja kila mtu kwa siku yake. Nguo yenye sura ya mgombea inamwambia mwenye msimamo tofauti kwamba maongezi yameshakwisha kabla hayajaanza. Na yule ambaye hajaamua, au hajui kama anaruhusiwa kupiga kura, au anaona siasa ni mambo ya wengine, haimwambii chochote. Anaipita kama anavyolipita bango.

Mimi namtaka huyo wa tatu. Mwenye mgombea wake tayari hahitaji fulana yangu, ataamka mwenyewe.

Kwamba mavazi yanaweza kubeba siasa, hilo halina mjadala. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, watu walishona kwenye makoti yao vifungo vya shaba vyenye herufi za jina lake na maneno ya kumtakia maisha marefu. Vilikuwa vifungo kwelikweli, vya kufungia koti. Kama fundi napenda sana jambo hilo, kwamba ujumbe haukuongezwa juu ya nguo kama pambo, ulikuwa ndio unaoishikilia nguo mwilini. Kufikia kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 1896, kati ya McKinley na Bryan, beji za bati zenye pini nyuma zilikuwa zimeanza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo, na tangu hapo kila uchaguzi una beji zake.

Ila waliofanya kazi ambayo mimi naiita ya ufundi ni wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura. Mwaka 1908 chama chao kilichoongozwa na Emmeline Pankhurst na binti zake, WSPU, kilichagua rangi tatu: zambarau kwa heshima, nyeupe kwa usafi, kijani kwa matumaini. Aliyezipanga ni Emmeline Pethick-Lawrence. Tarehe 21 Juni mwaka huohuo, wanawake wapatao 30,000 waliandamana hadi Hyde Park, London, kwa misafara saba, na walikuwa wameombwa wavae nyeupe na kujipamba kwa zile rangi nyingine mbili. Hebu lifikirie ombi lile kwa macho ya mtu anayeshona. Gauni jeupe, mwanamke mwenye fedha analo, na mfanyakazi wa ndani anaweza kuliazima au kulishona kwa kitambaa cha kawaida. Zambarau na kijani zinatosha kwenye utepe. Hakuna aliyeambiwa asije kwa sababu hana nguo. Na kwenye picha za magazeti ya wakati ule, ambazo hazikuwa na rangi, umati wa nyeupe unang'aa hata usipojua lolote kuhusu chama chao. Mwenye kupanga mavazi yale alikuwa amefikiria mfuko wa mvaaji na jicho la mtazamaji kwa pamoja. Mimi kwenye PIGA KURA yangu nilikuwa nimefikiria jicho tu.

Iliwachukua miaka kumi mingine. Mwaka 1918 wakapata kura wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka 30 na masharti ya mali, na mwaka 1928 ndipo wakalingana na wanaume. Utepe haukuleta kura. Ulichofanya ni kumwezesha mwanamke aliyekuwa peke yake kwenye kona yake ya mji kumwona mwingine kwa mbali na kujua wako wengi. Nyeupe ile bado inatembea: Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, aliivaa, na Kamala Harris aliivaa usiku wa tarehe 7 Novemba 2020 alipohutubia kama makamu wa rais mteule.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao nauweka karibu ili nisilewe na kazi yangu. Septemba 1793, katikati ya Mapinduzi ya Ufaransa, bunge liliamuru wanawake wote wavae kokadi, lile ua la utepe wa rangi tatu. Mwezi uliofuata, bunge hilohilo likapiga marufuku vilabu vya siasa vya wanawake. Yaani mwanamke avae alama ya taifa kifuani, kisha arudi nyumbani akanyamaze. Kila ninapoletewa oda ya fulana za "hamasa" na watu ambao hawataki kabisa vijana waulize maswali kwenye mkutano wao, namkumbuka mwanamke wa Paris na kokadi yake.

Nirudi kwenye herufi. Kuna nguo moja ambayo naiona ni somo zima la uchapaji. Mwaka 1984 mbunifu Katharine Hamnett alialikwa kwenye hafla ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, pale Downing Street. Alifika amefunga koti. Alipofikia kumpa mkono, akalifungua. Ndani alikuwa amevaa fulana ndefu mfano wa gauni, yenye maneno makubwa kabisa yaliyosema kwamba asilimia 58 hawataki Pershing, makombora ya nyuklia ya Marekani. Picha ile ikasambaa. Herufi zilijaza kitambaa chote. Hapakuwa na ua, hapakuwa na nembo, hapakuwa na kivuli cha kurembesha. Wateja wangu huwa wanataka viongezwe vitu: nyota, ngumi, bendera, jina la kikundi, namba ya simu. Nawaomba watundike fulana ukutani, warudi nyuma hatua kumi na tano, wanisomee. Wakishindwa, tunafuta.

Na kuhusu mahali pa kuweka maneno, mwalimu wangu ni kanga. Jina la kanga hukaa chini, juu kidogo ya pindo, na mvaaji akijifunga linaangukia nyuma. Anayelisoma ni anayemfuata. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanawake wamesema kwa njia hiyo mambo ambayo midomo haikuruhusiwa kuyasema, na aliyekusudiwa akayapata. Nilikuwa nimeishi na kanga maisha yangu yote na bado nikachapa fulana zote kifuani, kwa sababu ndivyo fulana zinavyochapwa. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya benki nikagundua kwamba dakika arobaini nzima nilikuwa nikisoma mgongo wa mtu mmoja. Alikuwa amevaa fulana ya timu ya mpira. Namba yake ninaikumbuka mpaka sasa. Kifua cha mtu unakiona sekunde mbili mnapopishana, na mkikutana macho unaona aibu kuendelea kusoma. Mgongo unausoma utakavyo. Tangu siku ile maneno yangu ya uchaguzi yako mgongoni.

Bado nilikuwa sijajua maneno yenyewe yawe yapi. "Piga kura" sikuitaka tena.

Mpwa wangu anayesomea sayansi ya siasa ndiye aliyenitafutia tafiti mbili. Tulikaa naye jioni, mimi natia vifungo, yeye anasoma na kunieleza. Ya kwanza ilifanywa na Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer katika jimbo la Michigan, Marekani, kabla ya uchaguzi wa mchujo wa Agosti 2006, na ikachapishwa mwaka 2008. Watu walitumiwa barua za aina mbalimbali. Miongoni mwa ambao hawakutumiwa chochote, waliopiga kura walikuwa asilimia 29.7. Miongoni mwa waliopokea barua inayoonyesha nani kati yao na majirani zao alipiga kura chaguzi zilizopita, na kuahidi kwamba orodha mpya itatumwa baada ya uchaguzi, walifika asilimia 37.8. Karatasi moja tu, na tofauti ya zaidi ya watu wanane katika kila mia.

Barua ile siipendi. Inamshika mtu kwa aibu, na aibu ina kisirani, inaweza kumfukuza mtu kabisa. Lakini inasema kweli moja: kupiga kura ni siri, kwenda kupiga kura si siri. Watu wanajali kuonekana wakienda, na kuonekana ndiyo biashara yangu. Nguo inaweza kulifanya hilo bila kumdhalilisha mtu. Ukiona migongo minne mtaani inazungumzia jambo moja, unahisi kwamba kuna kitu watu wanakwenda kufanya na wewe umealikwa.

Utafiti wa pili ndio ulionifanya niweke sindano chini. David Nickerson na Todd Rogers, kabla ya mchujo wa chama cha Democratic katika jimbo la Pennsylvania mwaka 2008, waliwapigia watu simu. Wengine waliulizwa tu kama wana nia ya kupiga kura. Wengine waliulizwa na maswali matatu zaidi: utaenda saa ngapi, utakuwa unatokea wapi, na utakuwa unafanya nini kabla ya hapo. Swali la nia peke yake halikuleta tofauti ya maana. Maswali ya mpango yaliongeza waliojitokeza kwa takriban watu wanne katika kila mia, na kwa wale walio peke yao kwenye nyumba yenye mpiga kura mmoja, kwa takriban watu tisa katika kila mia. Penye wapiga kura wawili au zaidi hapakuwa na ongezeko, na watafiti walidhani pengine ni kwa sababu wanaoishi pamoja hupanga wenyewe wakiwa wanaongea.

Anayeishi peke yake. Nilimwomba mpwa wangu aisome tena sehemu hiyo. Yule binti wa suruali alikuwa amepanga chumba peke yake. Hakuwa na mtu wa kumuuliza jioni, "Kesho unatoka saa ngapi, tuongozane?" Alikuwa na fulana tu. Basi fulana ndiyo ilipaswa kumuuliza.

Hivyo ndivyo nilivyopata maneno ninayochapa mpaka leo. Mgongoni, mistari miwili, herufi za sentimita saba: UTAENDA SAA NGAPI? Basi. Haitaji kura, haitaji mgombea, haitaji chama. Mwanzoni wateja walilalamika kwamba haieleweki. Nikawaambia wavae siku tatu kisha waje waniambie. Wote walirudi na hadithi ileile kwa sura tofauti: mtu alimgusa bega akauliza, "Kwenda wapi?" Na hapo, dada yangu, kaka yangu, ndipo kazi inapofanyika. Aliyeuliza ameyaanzisha maongezi yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Mvaaji anamjibu, "Kupiga kura. Wewe umeshajiandikisha?" Kijana mmoja anayeuza vocha aliniambia alijibu swali lile mara kumi na moja kwa siku moja. Yeye ni mpole, haongei. Fulana ilimtafutia watu.

Ndani ya pindo la mbele, upande wa kushoto, nashona lebo ndogo ya kitambaa cheupe. Ina mistari mitatu ya kujaza: Nimejiandikisha tarehe... Kituo changu ni... Nitaenda saa... Naweka kalamu ya wino usiotoka kwa kufua juu ya meza ya kukatia, na sikabidhi fulana mpaka mtu ameandika angalau mstari mmoja. Asiyejua kituo chake tunatafuta pamoja kwenye simu. Ambaye hajajiandikisha, mstari wa kwanza anauacha wazi, na ninamwonyesha kwa kidole: huu ukikaa wazi mpaka tarehe ya mwisho, huo wa tatu hauna kazi. Kuna nchi ambako lebo hii ingekuwa na mistari miwili tu. Ujerumani na Sweden jina la raia linaingia kwenye orodha kutokana na kumbukumbu za makazi, na jimbo la North Dakota kule Marekani halina uandikishaji wa wapiga kura kabisa. Anayetaka kuiga aanze kwa kuuliza sheria ya mahali pake inamtaka mtu apite milango mingapi, kisha ashone lebo ya milango hiyo.

Ndiyo maana pia kalenda yangu imebadilika. Zamani oda za uchaguzi nilizipokea mwezi wa mwisho, wakati shamrashamra zimepanda. Sasa nahesabu kutoka siku uandikishaji unapofungwa, narudi nyuma wiki nane, na hapo ndipo fremu inaoshwa. Anayekuja baada ya daftari kufungwa namchapia pia, ila namwambia wazi kwamba nguo yake itawafaa waliokwisha kujiandikisha tu. Mmoja aliudhika akaondoka. Sawa.

Sichapi kwenye fulana mpya tena isipokuwa mtu akisisitiza. Leta uliyo nayo, hata ya mtumba, hata yenye doa kifuani maana mimi nachapa mgongo. Sababu ya kwanza ni ileile ya gauni jeupe la mwaka 1908, kwamba asiachwe mtu kwa kukosa nguo. Ya pili ni kwamba nguo ambayo mtu anaipenda tayari anaivaa mara nyingi zaidi. Ile ya kugawiwa anaivaa siku ya mkutano.

Mambo mawili ya tahadhari, na haya nayasema kwa uzito.

La kwanza, siku ya kura yenyewe. Sehemu nyingi zina masharti juu ya kinachovaliwa ndani ya kituo na karibu yake. Minnesota, Marekani, ilikuwa na sheria iliyokataza vazi lolote "la kisiasa" ndani ya kituo. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliitangua, majaji saba kwa wawili, kwa kuwa neno "kisiasa" lilikuwa halina mipaka na msimamizi angeweza kulitafsiri atakavyo. Lakini mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba serikali inaweza kuweka masharti yaliyo wazi ili kituo kiwe mahali pa utulivu. Mimi naliunga mkono hilo. Fulana yangu kazi yake imekwisha usiku wa kuamkia uchaguzi. Siku yenyewe nawaambia wateja: vaa nguo isiyo na neno hata moja, ili asiwepo wa kukurudisha mlangoni.

La pili ni usalama. Kuna mahali na nyakati ambapo rangi inaweza kumwumiza mtu. Nchini Uganda, Septemba 2019, bereti nyekundu, ambayo ilikuwa alama ya wafuasi wa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi, na raia akivaa anaweza kufunguliwa mashtaka. Kofia tu. Sitaki kumvika mtoto wa mtu kitu kitakachomfanya apigwe njiani, kwa hiyo rangi ya wino wangu nakagua kila msimu isije ikafanana na ya chama chochote, na swali langu halimtaji mtu. Wapo wanaoniambia huo ni woga. Mimi naona mwenye haki ya kuamua kiasi cha hatari ni anayevaa, si anayeshona.

Hilo la nguo isiyo na neno nimelitoa kwa mama yangu. Mama hakuwa mtu wa mikutano. Redio ikianza siasa alikuwa akiipunguza sauti. Lakini usiku wa kuamkia uchaguzi alikuwa akitoa gauni lake la rangi ya maziwa kutoka kabatini, lile la kutokea, analinyoosha kwa pasi taratibu, kola kwanza, kisha mikono, kisha marinda ya mbele moja moja. Analitundika nyuma ya mlango. Viatu vinafutwa. Sisi watoto tulijua kesho kuna jambo kubwa kuliko siku ya kawaida, hata bila kuambiwa ni jambo gani. Asubuhi anaondoka mapema. Akirudi, kidole kina ule wino wa zambarau unaoiva kuwa mweusi, nasi tunagombania kuushika mkono wake kuangalia kama unatoka. Hautoki. Una nitrati ya fedha, inashikana na ngozi na ukucha, na kwenye ukucha hubaki mpaka ukucha wenyewe uote. India waliutumia kwenye uchaguzi mkuu wa mwaka 1962, na leo uko kwenye chaguzi za nchi nyingi. Mama alikuwa akienda kazini na kidole kile wiki nzima bila kukificha. Alikuwa amevaa kitu ambacho tajiri na maskini wanakivaa sawasawa.

Mama hakuwahi kutuambia tupige kura. Watoto wake wote watano tunapiga. Nikifumba macho nikiulizwa nilijifunzia wapi, naliona lile gauni nyuma ya mlango. Kwa hiyo kila anayechukua fulana kwangu namwachia agizo moja la ziada: usiku ule, toa nguo utakayokwenda nayo, inyooshe, itundike mahali ambapo wa nyumbani mwako wataiona. Kama unaishi peke yako, itundike mahali utakapoiona wewe ukifumbua macho.

Jumanne iliyopita yule binti alikuja. Safari hii alikuwa ameleta shati lake la zamani la buluu wiki tatu mapema, nikamchapia mgongo, na lebo alijaza mistari yote mitatu kwa mkono wake: tarehe, kituo, saa moja asubuhi. Nilidhani kuna mshono umeachia. Akasema shati halina tatizo, ila kazini wamembadilishia zamu, anatoka usiku, hivyo saa moja hataweza, na isitoshe amekubaliana na jirani yake wa chumba cha pili waongozane, naye hutoka saa nne.

"Si unaweza kukata tu hiyo saa moja ukaandika pembeni?" nikamwambia.

"Hapana, anti. Nataka isomeke vizuri."

Nikachukua wembe, nikafumua lebo ya zamani uzi kwa uzi nisichane pindo, nikakata kipande kipya cheupe, nikampa kalamu.